Toleo Jipya Halimjui Baba

Jumamosi, 14 Juni. Baridi ya asubuhi haijaondoka hata sasa, na upepo wa ziwa unapiga mabati. Leo nitaandika yote hapa mtandaoni, hata yale yanayonionyesha vibaya.

Kambo, mama wa mama yangu, amefariki Pweto, ng'ambo ya ziwa. Walimzika Alhamisi. Hatukuweza kuvuka.

Walimzika na picha yetu mikononi. Aliiomba mwenyewe.

Picha hiyo iliunganishwa hapa Nchelenge, kwenye studio ya mpiga picha, Ba Mwansa. Watu wa Mantapala, kambi yetu ya wakimbizi, humpelekea nyuso za ndugu waliotawanyika. Anazikata moja moja, anazipanga mbele ya pazia la maua, na familia inakaa pamoja. Yetu ilikuwa na Baba, Mama, mimi na wadogo zangu. Ilichapwa nakala moja tu, ya Kambo. Nakala yetu tulisema tutachapa baadaye. Kisha Baba akafa, na simu iliyokuwa na sura yake ikaibwa. Amebaki kwenye faili la Ba Mwansa tu.

Mama anataka Kambo aongezwe humo, picha iwekwe mezani kwenye maombi ya Jumatano.

Binamu yangu alituma sura ya Kambo kutoka simu mpya. Programu ya studio ikakataa kuifungua. Nilijua sababu, tumefundishwa shuleni: ndani ya programu kuna maktaba ya picha, sehemu ndogo inayosoma mafaili. Ya Ba Mwansa ilikuwa toleo la pili, haijui aina hiyo ya faili. Nikamsihi aweke la tatu. Alisita. Nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba toleo jipya husoma yote ya zamani.

Sikuwa na hakika. Nilitaka tu kumwona Kambo.

Akaonekana, na kitambaa chake cha kichwa. Tukafungua faili la familia. Mama yupo, sisi tupo. Mahali pa Baba, maua ya pazia tu. Toleo la tatu limeacha kusoma namna ya zamani ambayo sura yake ilihifadhiwa. Kwa mazoea, mkono wangu ukaenda kuhifadhi.

"Awe, awe! Usiseve! Toa mukono, we mwana!" Ba Mwansa alinikataza kwa sauti.

Mteja aliyekuwa akisubiri picha ya kitambulisho akasimama. "Mi naenda, Ba Mwansa. Ukinifuta na mimi, muke wangu atanitafuta wapi?"

Mama hakucheka. Alisogea karibu na kioo cha kompyuta. "Kumbe mama yangu anaingia, bwana yangu anatoka," alisema. "Bale batu balikuwa banapendana sana. Sasa hii mashini inabakatalia nini?"



Tulifunga bila kuhifadhi. Ba Mwansa ametafuta toleo la pili kwenye diski zake zote. Hana tena, na mtandaoni limeondolewa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Mama hajala tangu turudi.

Lakini Baba bado yumo ndani ya faili, hilo nalijua. Toleo la pili likipatikana, tutamtoa humo kama picha ya kawaida inayofunguka popote, kisha tutamweka karibu na Kambo.

Wewe unayesoma hapa, ambaye kompyuta yako haijawekewa matoleo mapya miaka mingi: je, bado unalo toleo hilo la pili, na unaweza kunitumia kabla ya Jumatano?