Jina la Bosi, Namba Yangu

Jumapili, 28 Desemba 2025

Leo ile boila kuukuu imefungiwa mitambo ya simu. Miaka tisa Baba ndiye alikuwa anaiwasha — spana mkononi, teke moja ubavuni, inanguruma. Kisha unangoja dakika arobaini ndipo joto lifike huku kwetu mulhak, vyumba viwili vya wafanyakazi nyuma ya villa. Hizo dakika arobaini nazijua vizuri kuliko wimbo wa shule.

Bosi anataka aiendeshe kwa simu akiwa Jeddah. Yeye na madam wako kwa nyumba yao ya Al-Rawdah mpaka baridi ya Riyadh iishe. Hapa Riyadh, mtaa wa Suwaidi, amebaki Faris, mtoto wao wa chuo. Na sisi watatu: Baba, Mama na mimi.

Fundi ni Mkenya, anaitwa Jackton. Amefunga kidude cheupe chenye skrini ukutani kila chumba, hata chetu; kinaonyesha joto tu, kuwasha ni kwa app. App ikataka namba ya simu ya kutumiwa code. Bosi amelala baada ya lunch, hashiki simu. "Mdogo wangu, leta yako tumalize," Jackton akasema, "nina nyumba mbili zinaningoja." Ikauliza jina la mwenye nyumba. Niliona aibu kuandika langu. Nikaandika Abu Faris, yaani baba wa Faris, vile watu wote humwita bosi.

Baadaye Jackton akamtumia bosi mwaliko, naye akaingia kwa simu yake. Abu Faris wawili! Jackton akasema haina neno, atarekebisha siku akirudi.

Jumamosi, 3 Januari 2026

Mulhak umezimwa joto kutoka Jeddah. Digrii kumi na moja asubuhi. Mama ana pumu, na baridi ikimwingia kifua kinapiga filimbi. Leo kilianza akiwa bado kitandani.

Grafu ya joto ndiyo imetuchongea kwa bosi. Kila asubuhi Mama hufungua mlango na madirisha yote, anafagia, anaacha vumbi itoke. Kwao Bungoma hakuna anayefagia nyumba ikiwa imefungwa. Kwenye skrini ya sebuleni kwao mstari wetu unaanguka kila saa moja asubuhi, kama mtu ameusukuma. Faris akaupiga picha akamtumia baba yake: wafanyakazi wanapasha joto barabara ya nje.

Baba alimpigia bosi. Nilikuwa karibu, nikasikia. Bosi: Josphat, vaeni sweta. Baba: hadhir, bosi, yaani sawa. Hadhir. Mara tatu.

Jioni Baba amerudi na hita ya umeme, ndogo, ya waya mbili nyekundu. Mama ameiweka miguuni kama paka.

Jumatatu, 5 Januari

Nimeenda kwa Faris mwenyewe. Mimi, ambaye siwezi hata kuomba ruhusa ya choo darasani. Nilipanga sentensi tatu za Kiarabu tangu asubuhi. Alikuwa getini na marafiki zake wawili. Nikasema: mama yangu ni mgonjwa wa kifua, tafadhali mwombe baba yako aturudishie joto.

Wakacheka mpaka mmoja akashika gari. "Anaongea kama katuni!" Kwa sababu Kiarabu cha shule ndicho kinaongewa kwenye katuni za watoto, hakuna mtu wa barabarani anaongea hivyo. Rafiki yake akaniambia, yalla, haya, sema tena.

Nikasema tena.

Hiyo ndiyo siwezi kumeza. Si kucheka kwao. Ni kwamba nilirudia, na sauti ile ile, na "tafadhali" ndani yake.

Nataka Faris ateseke. Nimeiandika na kalamu nyekundu, na kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna mtu shuleni anaisoma. Nataka aombe, na mtu amwambie sema tena.

Jumatano, 7 Januari

Sikuwa nimefungua ile app tangu fundi aondoke. Nilidhani bosi akiingia mimi natoka. Leo nimefungua basini. Juu kabisa: Mmiliki, Abu Faris, na namba yangu. Chini: Mgeni, Abu Faris, na namba ya bosi.

Bosi ni mgeni kwa nyumba yake.

Nikaweka mulhak 22. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa amekaa na kichana, anashangaa chuma cha ukutani kina joto. Saa moja tu. Kisha kikazimwa kutoka Jeddah. Nikiwa jikoni kwao nikasikia Faris akimwambia baba yake kwa simu: wallahi si mimi, yaba, si mimi nimewasha.

Hakuna sukari tamu hivyo.

Nilikumbuka ni bosi alinitafutia ikama, kibali cha kuishi hapa, na kuniingiza shule. Nilikumbuka kwa kama dakika mbili.

Jumamosi, 10 Januari — Jeddah

Shule zimefungwa. Madam alitaka nije na Baba kwa gari, nimfundishe Lulwa Kiingereza. Lulwa ana miaka saba, ndiye mdogo wa Faris. Mama amebaki kumpikia Faris. Jana tulikuwa njiani masaa kumi. Hapa watu wanatembea bila sweta, AC inawaka. Januari!

Asubuhi nilimfundisha Lulwa hot na cold. Cold, anasema, anajikumbatia anatetemeka, na kaka yake kweli anatetemeka Riyadh kwa sababu nimezima villa yote. Chumba chake 12. Nilikuwa nimeficha simu chini ya meza naangalia namba ikishuka, kama mtu anayekula pipi kanisani.

Saa sita Faris akapiga. Bosi akaweka speaker. Faris: yaba, umenizimia joto? Bosi: mimi sijagusa. Faris: jina lako liko hapa kwenye skrini, Abu Faris, saa mbili na dakika kumi! Bosi akasema anadanganya, labda ni yeye na marafiki zake wamechezea vidude. Faris akaomba msamaha kwa kitu ambacho hakufanya. Bosi akamwambia: sikukusikia, sema tena.

Hakuna mtu alimwelekeza. Maneno yalitoka tu kwa mdomo wa baba yake. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Jumapili, 11 Januari

Bosi amewasha, nimezima. Amewasha, nimezima. Mara sita. Baba akiosha gari aliniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikasema Lulwa.

Jumatatu, 12 Januari

Voice note ya Mama, saa mbili unusu. Neno moja, pumzi, neno moja, pumzi. Faris alikuja mulhak jana jioni akachomoa hita yetu. Akasema: halas mama, basi, siku mbili tu, kwangu ni friji. Mama akampa. Akampa na blanketi pia, kwa sababu ni mtoto wa watu na anatetemeka. Filimbi ya kifua naisikia hadi kwa simu. Anasema nisimwambie Baba.

Friji ni yangu. Mimi ndiye nimemchukulia Mama hita, kwa mkono wa Faris.

Nimewasha yote, villa na mulhak. Mulhak ulikuwa 9. Dakika nne, bosi akazima mulhak. Nikawasha. Akazima. Sasa hajali tena ni nani, anazima tu. Kila mara boila inaanza upya kuhesabu arobaini.

Nimejifungia bafu ya wageni. Kwenye app kuna kitufe: ondoa mgeni. Nimekaa nacho muda. Ikama. Shule. Baba na hadhir zake tatu.

Nimekibonyeza.

Nyumba sasa inanisikia mimi peke yangu. Villa 20, mulhak 24. Saa tatu na dakika tano.

Namsikia bosi sebuleni. Simu imemtoa, anasema, namba ya siri inakataa. Ametafuta fundi, Jackton atapiga saa nne kamili amsomee namba iliyosajiliwa. Kisha mlangoni: "Josphat! Binti yako yuko wapi? Si ndiye alikuwa na fundi siku ile? Aje aniangalizie hii simu."

Baba anagonga bafuni. "Stacy, bosi anakuita. Haraka."

Mulhak bado 9. Saa tatu na kumi na tatu. Imebaki dakika thelathini na mbili joto limfikie Mama.

"Nakuja, Baba."

Nitaishika simu yake pole pole. Nitamwambia iko na shida kidogo. Nitamwambia kwa Kiarabu cha katuni, kirefu, na akisema hajaelewa, nitarudia.