Kaka, Ulimchunguza Nini Yule Daktari?

Kasulu,
3 Julai 1997

Kaka Fidele,

Pokea salamu zangu, mimi mdogo wako Epifania. Natumaini Saidi dereva atakukuta umesharudi kutoka Kumsenga na maharage yako, na kwamba njiani hukupata shida. Mimi mwili ni mzima. Moyo si mzima, na usiniulize kwa nini kabla hujasoma mpaka mwisho. Mama huko Rungwe Mpya hajambo, ule mguu unamsumbua asubuhi tu, jua likishatoka unaachia. Watoto wako wanafurahia likizo kwa bibi yao, wanashinda shambani wakitafuna mihogo mibichi hata chakula cha mchana hawakitaki. Wifi Kezia simsalimu hapa juu. Nitafika kwake, na utaelewa.

Kaka, nina hasira. Nimejaribu kuandika barua hii kwa upole mara mbili nikaichana. Nakuheshimu, baba alipofariki wewe ndiye uliyesimama, na hakuna siku nimekujibu vibaya. Leo nitakujibu vibaya. Kama unataka kukasirika, kasirika, lakini soma.

Uliniandikia mwezi wa pili kwamba Mungu ameleta mtu Kibondo, Daktari Havyarimana, mpasuaji wa urembo, anayeondoa makovu, anayeshona masikio yaliyochanika kwa hereni, na kwamba mdogo wetu Akimana ataolewa akiwa na shingo safi. Lile kovu la uji wa moto alilonalo tangu anatambaa, ulisema, litabaki hadithi. Ukaniambia nisiwe na wasiwasi wowote kwa sababu mtu mwenyewe umemchunguza. Nikafurahi! Sitakuficha, nilifurahi mpaka nikaimba kwenye charahani. Ijapokuwa yule mwalimu anayemchumbia Akimana hajawahi kulitaja hilo kovu hata kwa bahati mbaya. Aliyekuwa analitaja kila siku ni wewe, kwamba watu wa upande wa mume watamwangalia shingo siku ya harusi.

Kisha Pasaka ukamleta nyumbani. Nakumbuka alivyokaa na koti lake jeupe, sijui nani anavaa koti la hospitali kwenye sherehe ya pombe ya ndizi, lakini siku ile hakuna aliyejiuliza. Baba mdogo Ndayisaba akamwekea mrija kwenye chungu, akamwuliza kama tunavyoulizana siku zote, uri mwene nde, wewe ni mtoto wa nani. Akataja baba yake. Akaulizwa babu. Akataja. Akaulizwa mlima waliotoka huko Burundi, na ukoo, na mlima wa upande wa mama, na bibi yake aliolewa na nani, na ng'ombe wa mahari walitoka zizi gani. Akajibu yote bila kukwama. Baba mdogo alipogundua kwamba bibi yake na bibi yetu walichota maji mto mmoja, na kwamba kuna shangazi aliolewa kwao, alisimama akamkumbatia huku machozi yanamtoka. Mama akapiga vigelegele. Na mimi nilipiga, Kaka. Tulimwuliza mtu yule mpaka ng'ombe wa babu yake, tukala, tukanywa, jua likazama, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza amejifunza wapi kupasua mtu.

Mimi nilizinduliwa na Siti, jirani yangu anayeuza khanga hapa pembeni. Nilikuwa namsimulia habari za Akimana, akaniuliza amesoma wapi huyo daktari. Nikamjibu kwa majivuno, nikamtajia mlima. Akaniuliza tena. Nikamtajia ukoo na yule shangazi. Siti akacheka mpaka akaweka khanga chini. Akasema ameniuliza amesoma wapi na mimi namwambia kazaliwa wapi, na kama ndivyo, basi hata yeye ni nahodha wa meli maana babu yake alizaliwa Pangani. Nilinuna. Nikaenda zangu kulala na kununa kwangu. Asubuhi nilipoamka, swali lake lilikuwa bado limekaa pale pale.

Nikaenda hospitali ya hapa, nikangoja mpaka daktari akamaliza wagonjwa. Sikumtajia jina la mtu, nilimwuliza tu mtu anajuaje kwamba mpasuaji ni mpasuaji kweli. Hakunidharau. Aliniambia kila daktari anayetibu nchi hii lazima aandikishwe na Baraza la Madaktari huko Dar es Salaam, na mtu yeyote ana haki ya kuuliza. Akasema nimwulize mtu huyo alisomea chuo gani, alifundishwa upasuaji na nani, alifanya kazi hospitali ipi, nani anamchoma mgonjwa sindano ya ganzi, na damu ikikataa kusimama anampeleka wapi. Tena nimwombe anionyeshe watu aliowapasua mwaka jana, si wa juzi. Nikamwambia wakimbizi wengi vyeti vyao viliungua. Akasema ni kweli, na inasikitisha, lakini cheti kikiungua mwalimu haungui, wanafunzi aliosoma nao hawaungui, na kambini wamejaa waganga na wauguzi wa Burundi, niwaulize hao.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilipanda lori nikaja Kibondo. Ndiyo, nilikuja, na wewe ulikuwa Kumsenga. Nilikwenda moja kwa moja kwa huyo ndugu yetu, kwenye kile chumba chake nyuma ya duka. Kuna meza, kitanda, na pazia la maua. Maji yako kwenye ndoo. Alinipokea kwa furaha, dada, dada, karibu dada. Nikamwuliza alisomea chuo gani. Akanijibu kwamba baba yake na marehemu baba yetu wangekuwa hai wangecheka kusikia swali hilo. Nikamwuliza alifundishwa na nani. Akanikumbusha yule shangazi. Nikauliza hospitali. Akasema Bujumbura, hospitali kubwa, na vyeti viliungua kwenye vita. Nikamwomba basi anitajie jina la daktari mmoja tu aliyefanya naye kazi, mmoja. Hapo uso ukabadilika. Akasema hajawahi kutukanwa hivyo na mtoto wa nyumbani, kwamba mimi nimekaa mno na watu wa mjini nimesahau sisi ni nani, na kwamba atanishtaki kwako. Kila nilipomwuliza shule yeye alinijibu ukoo, Kaka! Akajua ndiyo ufunguo wa nyumba yetu, na ni sisi tuliomwonyesha.

Kesho yake nilikwenda kambini. Nilielekezwa kwa muuguzi mzee anaitwa Niyonsaba, aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ile ile aliyoitaja Havyarimana. Nilipomtajia jina hakuchelewa. Alimjua vizuri sana. Akaniuliza kama bado ana tabia ya kupiga mluzi akiwa kazini. Nikasema sijui, nikamwuliza alikuwa anapasua nini pale. Mama yule akanitazama kwa huruma, akasema Havyarimana alikuwa mhudumu wa chumba cha maiti. Madaktari wakishamaliza kuchunguza marehemu, yeye ndiye alikuwa anashona, anaosha, anawakabidhi ndugu. Akasema alishona vizuri, hakuna ubishi, na katika wote aliowashona hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika.

Mana yanje, Mungu wangu. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi.

Na unajua kinachoniuma zaidi? Hakutudanganya kuhusu mlima. Niyonsaba amenithibitishia, baba ni yule yule, babu ni yule yule, yule shangazi ni kweli aliolewa kwao. Ni ndugu yetu kabisa. Sisemi kuulizana ukoo ni upuuzi. Baba alipovuka mpaka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili hakuwa na karatasi hata moja mfukoni, alikuwa na jina la baba yake na jina la mlima, na kwa majina hayo alipata mahali pa kulala, akapata shamba, akatulea. Najua. Ukitaka kujua kama mtu atakuzika au atakukimbia, muulize ukoo. Lakini kisu kinachoingia shingoni mwa mtoto wa watu kinataka maswali mengine, na wewe Fidele umefika kidato cha nne, unauza maharage kwa watu wa misaada, huchukui gunia la mtu bila kutia mkono mpaka chini kuona kama juu wamepanga mazuri. Gunia unalitia mkono! Akimana ukamkabidhi hivi hivi.

Usisafiri Jumamosi kwenda kumchukua Akimana ili umpeleke kwa mtu huyo. Hayupo Rungwe Mpya. Yuko hapa kwangu, na amesema mwenyewe hataki tena, na utajua sasa hivi ni kitu gani kilichombadilisha, maana si maneno yangu.

Niliporudi kutoka kambini jioni ile nilikwenda kwako. Nilitaka kumweleza wifi, anisaidie kukuzuia. Nilimkuta jikoni amejifunga kitenge mpaka juu ya masikio, na joto lote lile la moto. Nikadhani ni jino. Nilianza kumsimulia habari ya chumba cha maiti, na kabla sijafika mwisho mwiko ulimdondoka. Akakaa chini, akakifungua kile kitenge.

Kaka, Kezia hakwenda Munanila kumwuguza mama yake. Maneno yale uliyoachiwa kwa jirani niliyatunga mimi. Nilimchukua alfajiri nikamleta hospitali hapa Kasulu, kwa sababu Kibondo wauguzi wanamfahamu na hakutaka usikie sokoni kabla hujasikia kwake. Ulipoondoka tu kwenda Kumsenga, alikwenda kwa Havyarimana akamwomba amtoe lile kovu nene lililokuwa limevimba chini ya sikio. Alitaka urudi umkute hana. Hakumwambia mtu. Nilimwuliza kwa nini, akasema ulipokuwa unaongea na rafiki zako ukumbini ulisema akimaliza kwa Akimana utampelekea na kovu la kwako la nyumbani alirekebishe. Wakacheka. Yeye alikuwa nyuma ya mlango ameshika sinia la chakula chenu.

Na nilipomwuliza kwa nini basi hakumwuliza mtu yule hata swali moja kabla ya kulala kwenye kitanda kile, alishangaa swali langu. Akasema angeulizaje, wakati Fidele alishasema amemchunguza.

Kidonda kilikuwa kimeoza, kinanuka. Sasa wamekisafisha, homa imeshuka, anakunywa uji, daktari anasema atapona. Lakini kisu kilikata mshipa wa fahamu wa uso, ule unaoinua mdomo. Mdomo wake upande wa kushoto umeshuka, na jicho la upande huo halifungi vizuri. Daktari hakutudanganya, amesema huenda visirudi kabisa kama zamani. Akimana alimwona alipokuja kumletea chakula, na toka hapo ameacha kujifunika shingo. Jana Kezia alicheka kwa mara ya kwanza, kitu fulani Siti alisema, na akacheka upande mmoja. Kicheko kile ulichomsifia kwa baba siku unaomba ruhusa ya kumchumbia, Kaka. Nilitoka nje.

Polisi nimeshakwenda, nimeandikisha. Wanataka maelezo ya mwenye mke. Utakuja utayatoa, ndugu ama si ndugu. Na kabla hujaja, pita kwa baba mdogo Ndayisaba umwambie mbele ya watu kwamba ulikosea, maana huko Kibondo kuna wanawake wengine wanasubiri zamu kwenye kile chumba, na wote wanasema jambo moja, Fidele kamchunguza. Jina lako ndilo cheti chake. Kalichukue.

Basi, sina mengi zaidi. Nisalimie majirani wema wote hapo mtaani. Mama anakuombea kama kawaida, yeye bado hajui, tutamwambia pamoja. Akimana anakusalimu, hana kinyongo, kinyongo chote nimebeba mimi. Kama nimekukosea adabu katika barua hii utanikemea ukifika, na nitakaa kimya nikusikilize.

Kezia naye anakusalimu. Alinisihi nisikuandikie habari ya mdomo, anataka uje umwone mwenyewe. Nimevunja ahadi niliyompa kwa makusudi, ili uupange uso wako ukiwa bado njiani, maana ukishaingia mlangoni atautazama huo kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Epifania