Kasia la Baba Mkwe

Uvira, mtaa wa Kilibula

Kaka Salumu, mkubwa wangu,

Salamu hizi zikukute umekaa, chai iko mbele yako, maana sipendi uisome barua hii ukiwa umesimama. Ule mguu uliotegukia shambani umepona? Mama anapata usingizi, au kifua bado kinamwamsha alfajiri? Mpunga wa huko Kasongo mmeshauvuna, ama mvua imewachelewesha tena? Mimi mwili ni mzima, ateliye ya kuchomelea inaenda, chuma ninachoma kila siku. Zaina amepanda darasa la nne na ananishinda kuhesabu kwa kichwa. Mama yake hayuko hapa nyumbani. Hilo ndilo limenishikisha kalamu. Ningepiga simu, lakini yako unaiweka sauti kubwa sebuleni na kila mtu anajibu. Maneno haya nataka uyaone wewe kwanza. Anayekuletea ni mchuuzi wa vitenge anayepita njia ya Fizi na Kabambare kwa pikipiki. Mpe chakula, ni mtu mwaminifu.

Kaka, nimemvua baba mkwe wangu suruali mbele ya watu.

Cheka sasa hivi, umalize, halafu uendelee kusoma. Suruali ndiyo sehemu ndogo.

Baba Kashindi unamjua, ndiye uliyekaa naye siku ya mahari, mzee wa Kalundu aliyevua ndagala ziwani tangu ujana wake. Mashine ya mtumbwi wake ilikufa. Tangu hapo amekuwa akishika usukani katika mitumbwi ya wenzake, na ndiyo kazi iliyokuwa ikimwekea sahani mezani na heshima mtaani. Basi vijana na wenye mitumbwi wakatangaza mashindano ya mitumbwi ya tanga, kutoka Kalundu mpaka Kavimvira, bila mashine yoyote. Zawadi: mashine mpya ya farasi kumi na tano. Sharti lilikuwa moja, katika kila mtumbwi mvuvi awe yule wa usukani peke yake, waliobaki wote wawe watu wa kazi nyingine. Walitaka kucheka, na walicheka sana.

Mimi nikaona mashine ya mzee. Wazo lilikuwa langu, Kaka, na nia ilikuwa nzuri, hilo uniachie. Nikamchukua fundi cherehani wa jirani akashona tanga la bashi, lile turubai la lori, mita za mraba kumi na sita. Mlingoti nikauunga mwenyewe kwa bomba la chuma, mita tano na nusu. Nikamchukua Kibonge, kijana wa pikipiki, kwa ajili ya uzito wake. Nilimpima kwenye mizani ya mihogo, kilo mia na nne, akaninunia siku mbili. Wa mwisho ni Mwalimu Bahati, anayefundisha watoto wetu. Hakuna kati yetu aliyewahi kushika kamba ya tanga.

Adabu ya mkwe unaijua: simgusi, simwamuru, macho yangu hayakai usoni mwake. Nyumbani ni rahisi, kuna mlango wa kutokea. Katika mtumbwi wa mita nane mlango uko wapi? Tukamkalisha Mwalimu katikati, maneno yapitie kwake.

"Mwalimu, umwambie Baba tanga iko inapigapiga."

"Baba, mukwe anasema tanga iko inapigapiga."

"Umwambie masikio ninayo."

"Anasema masikio iko nayo."

"Nimesikia, Mwalimu."

Kibonge alikuwa akishika mbavu. "Minye nikizama, ombi langu la kuokolewa lipitie kwa Mwalimu!"

Tulijifunza hivyo majuma matatu. Na nisimpambe mzee kuliko alivyo: ni mbishi, anajisifu, na mara mbili alitupeleka nje mbali akisema upepo uko kule. Hatukuukuta. Tulirudi kwa makasia, midomo imekauka, fundi cherehani anatapika. Jambo hilo lilinikaa moyoni. Mimi nimejijenga kwa kupima, mtu akinipa kipimo kibaya mara mbili, ya tatu simsikilizi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili mchana, mitumbwi tisa. Kusi ilikuwa inasukuma vizuri kutoka nyuma. Tulianza vibaya, tukawa wa saba, watu wa pwani wakinipigia kelele kwa jina la kazi yangu: "Sudere! Choma maji basi, tuone!" Lakini tanga letu lilikuwa kubwa, na tulipopita mdomo wa mto Kalimabenge tulikuwa wa pili. Mbele yetu kulibaki mtumbwi mmoja tu, kama mita mia mbili. Nikaanza kuiona mashine.

Tulipokaribia mdomo wa mto Mulongwe, Baba Kashindi akageuza kutoka pwani, tuuzunguke kwa nje. Nikapiga hesabu: kule nje ni mita mia sita zaidi. Walio mbele nao walikuwa wanazunguka. Tukikata karibu na pwani, tunawapita hapo hapo.

"Mwalimu, umwambie Baba apite pwani, tutawakamata!"

Mwalimu akapeleka. Jibu likarudi: "Umwambie bonde la Mulongwe saa hii linapumua."

"Umwambie hata juma lililopita alisema upepo uko nje, na haukuwako!"

Mwalimu akaniangalia. "Hiyo siipeleki, Baba Zaina."

Basi nikaipeleka mwenyewe. Nilimruka Mwalimu, bega langu likampiga mzee kifuani, nikamnyang'anya kasia la usukani mikononi. Nikasema: "Weye mzee, acha! Tunashindwa na iko unaangalia tu!"

Nilimwambia weye, Kaka. Baba wa mke wangu.

Hakushindana nami. Aliachia kasia, akaweka mikono mapajani, akakaa kama mgeni katika nyumba ya watu. Nikageuza mtumbwi pwani. Tulienda labda kwa muda wa kumaliza wimbo mmoja, Kibonge akishangilia, kisha upepo mwingine ukashuka kutoka milimani kupitia lile bonde, ukalipiga tanga kwa upande wa kushoto. Likaruka kulia pamoja na bomba langu zito, na mtumbwi ukalifuata. Hakuna aliyewahi kusema hata Mungu wangu.

Wengine walitokeza wameshika mtumbwi. Mzee hakuonekana, alikuwa chini ya bashi. Nilizama, nikapapasa, nikashika kiuno cha suruali nikavuta kwa nguvu zote. Ile kamba anayojifungia ikakatika. Nikavuta tena kwa shati. Nilimburura mpaka mchangani anakohoa maji, yuko hai, na chini hana kitu, mbele ya pwani nzima. Mama mmoja aliyekuwa anaanika ndagala akamtupia kikwembe chake. Mke wangu alikuwa pale na mtoto, amejifunika uso kwa mikono miwili.

Ningeishia hapo, lingekuwa balaa tu, na balaa lina dawa yake. Lakini watu walikuwa wananitazama, suruali ya mzee iko mkononi mwangu inachuruzika, na mtumbwi wa mbele unakwenda zake Kavimvira. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie:

"Macho yake yamekufa! Nilimwambia tuzunguke kwa nje, yeye akakata pwani!"

Kibonge akatazama miguu yake. Mwalimu akageuka kukamua shati lake. Baba Kashindi aliniangalia usoni, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Akajifunga kile kikwembe vizuri, akaenda kwa miguu kurudi Kalundu. Mama Zaina akanipa mkono wa mtoto, akamfuata baba yake bila kugeuka.

Juma zima nilikuwa na hasira, nisikufiche. Nilijiambia: bila mimi wangekuwa wanalia msiba. Nani alitoa bashi? Nani alitoa bomba? Kwa nini hakuna anayehesabu hayo? Kisha bofrere, yule mdogo wake Mama Zaina, akaja ateliye. Alikataa kiti.

"Mbuzi tutapokea kwa ajili ya suruali," akasema. "Hiyo iko na desturi yake, inaisha. Lakini kwa macho ya Baba, utaleta mbuzi gani?"

"Macho yamefanya nini?"

"Tangu siku ile hakuna mutu anamupatia kasia. Wenye mitumbwi banasema, mukwe wake mwenyewe alishuhudia. Juzi aliomba kwenda tu hivi hivi, akae. Bakamwambia: Mzee, upumzike."

"Na dada yako anasema nini?"

"Anasema weye iko unajua kuhesabu. Basi uhesabu."

Akaondoka. Kaka, sikuchoma chuma tena siku hiyo. Nilitaka kumpa mzee mashine, nikamnyang'anya hata kasia.

Mimi siwezi kwenda mbele yake bila mtu wa kwetu kunitangulia, hata nikienda hawatanifungulia. Mjomba hawezi tena safari. Umebaki wewe. Njia naijua ilivyo mbaya, na mguu wako naujua, lakini nakuomba uje. Mbuzi iko hapa tayari, usihangaike na kitu.

Ukifika watataka mkae ndani, wakubwa peke yao, mlango umefungwa. Ni watu wema, watataka kunisitiri. Ukatae. Uongo niliusema pwani ya Mulongwe, kwa hiyo unipeleke pale pale, wakati kina mama wanaanika ndagala na wenye mitumbwi wanapanga nyavu. Utaanza wewe. Wakikuuliza nani alikuwa na kasia, usitaje upepo, usitaje kwamba nilimwokoa. Sema: ni huyu mdogo wangu, alimpokonya. Kisha unisukume mbele niseme mwenyewe, hata sauti ikikataa.

Mama umwambie nakula vizuri, mengine nitamweleza kwa mdomo wangu. Unisalimie shangazi aliyetulea baba alipotutoka, na shemeji, mke wako, anisamehe kwa kukutoa nyumbani wakati wa mavuno. Yule mdogo wetu wa mwisho mwambie asimalize kuoa kabla hajazungumza nami.

Ni mimi niliyekutia haya bila wewe kujua, mdogo wako,

Radjabu