Mbuzi Hana Sare

Jumapili, 4 Februari

Hatimaye mababu wananijua. Nina miaka kumi na sita, yaani nimechelewa mno — wenzangu hutambulishwa wakiwa bado wananyonya. Mama ndiye alikuwa akikataa, tangu aokoke. Jana Bibi, mama yake marehemu baba, alishinda. Mbuzi akachinjwa kwake Ndwedwe. Bibi akawaita wazee wa ukoo mmoja mmoja kwa majina, akawaambia: huyu ndiye Zibuyile, binti wa Themba wenu, mtunzeni.

Kisha nikavishwa isiphandla. Utepe wa ngozi ya mbuzi yuleyule, mbichi, manyoya kwa nje, umezunguka kifundo cha mkono kama bangili. Haukatwi. Unakaa mpaka ukauke, uchakae, udondoke wenyewe.

Mama alikuja. Alisimama karibu na geti, Biblia kwapani, kama mtu anayesubiri teksi. Nyama hakula. Mchuzi alionja.

Kama nasadiki? Sijui. Ila Bibi alipolitaja jina la baba, ambaye hata sura yake siikumbuki, nililia mpaka kamasi.

Jumatatu, 5 Februari

Ngozi imeanza kunuka. Joto hili la Pinetown halina huruma. Thiroshni, tunayekaa naye dawati moja, kasogea hadi nusu ya makalio iko hewani. "Zibu, waambie hao babu zako kuna kitu kinaitwa manukato." Yeye ana uzi mwekundu wa hekalu la Kihindu mkononi. Amekuwa nao tangu tulipoanza shule hii, hajaulizwa hata siku moja.

Mimi niliulizwa kabla ya chai. Mwalimu Ngidi, makamu wa mkuu wa shule. Ndiye anayetuongoza kwa sala kila Jumatatu, na Jumapili anahubiri kanisani kwake. Shule ni ya serikali, lakini ukimsikiliza utadhani Mungu ndiye mwalimu mkuu na yeye ndiye makamu wake.

"Hii nini?"

"Isiphandla, Mwalimu."

"Najua ni isiphandla, mimi si Mzulu? Nauliza inafanya nini kwenye shule yangu."

"Imekuja na mimi, Mwalimu."

Akasema sheria ya sare inakataza mapambo. Nikamwuliza, kwa adabu zangu zote, kama mbuzi ni pambo. Darasa zima likakohoa. Nimepewa mpaka Ijumaa niwe nimeikata.

Jumanne, 6 Februari

Mama aliposikia alisema Bwana amejibu, akaenda kutafuta mkasi. Mimi nikaenda kutafuta simu. Nikampigia Bibi, akaomba aongee na Mama. Sikusikia yote, lakini hili nililisikia hata mimi niliyekuwa jikoni: "Mkasi ukimgusa mtoto huyo, mkamwana, nakuja huko na basi la kwanza. Na godoro langu."

Mkasi umerudi kabatini.

Ijumaa, 9 Februari

Sikukata. Mwalimu Ngidi alitegemea nitalia, nikampa tabasamu. Sasa si pambo tena, ni suala la afya: eti nanuka, nawasumbua wenzangu. Bodi ya shule itakaa Ijumaa ijayo, mzazi aje. Nikizidi kukaidi nitatafutiwa shule nyingine. Mpaka siku hiyo nitasomea barazani, dawati limewekwa mbele ya ofisi yake ili anione vizuri.

Kumbe barazani kuna upepo. Na kuna Soksi, mbwa wa Mzee Cele wa getini. Ananipenda mno siku hizi. Analaza pua mkononi kwangu, anafumba macho kama yuko ibadani. Thiroshni anapita kwenda chooni kila saa ili anihadithie kinachofundishwa. Walimu wameanza kumshauri aende hospitali.

Usiku huu, peke yangu, sikucheka sana. Ni shule nzuri hii. Nyingine iko mbali, na haina kwaya.

Jumatatu, 12 Februari

Kuna kitu leo.

Mwalimu Ngidi alikuwa kwao Nongoma wikiendi yote. Alitueleza kwenye sala: ukoo umekutana kwa ajili ya marehemu kaka yake, tumwombee. Amerudi na koti. Koti, kwa jua hili. Na shati la mikono mirefu limefungwa vifungo mpaka mwisho.

Soksi alikuwa amelala miguuni kwangu. Mwalimu akapita. Soksi akainuka, akaniacha bila hata kwaheri, akamfuata. Mkia huku na huku. Mwalimu akasema "nenda", Soksi akaenda — naye. Mpaka mlangoni mwa ofisi. Akafungiwa nje, akalala pale, pua kwenye upenyo wa chini.

Mzee Cele akaja kumchukua. "Huyu mbwa hampendi yule bwana," akaniambia. "Mwaka jana alimrarua suruali." Akaniangalia mkononi, akauangalia mlango. Akakuna kidevu. "Basi tena. Mapenzi hayana sababu." Akaondoka anacheka kwa mabega.

Jumatano, 14 Februari

Leo Wakatoliki wameanza mfungo. Bi. Dlomo wa hisabati kaja na msalaba wa majivu kwenye paji la uso. Hakuna aliyemwambia aunawe. Wala nisingependa anawe, umempendeza. Nasema tu.

Kulikuwa na ibada fupi ukumbini. Kwaya tuliimba — nimeruhusiwa, maana bila mimi sauti ya pili inakufa. Na mimi ndiye niliyetakiwa nianzishe pambio. Basi nikachagua lile la kuinua mikono juu. Mungu anisamehe, nililichagua kwa makusudi.

Ukumbi mzima mikono juu. Mwalimu Ngidi yuko mbele, mhubiri mzima, atafanyaje? Akainua mmoja. Mwingine mfukoni. Nikalirudia pambio. Mara ya tatu nikaimba "mikono yote" kwa nguvu kiasi kwamba Bi. Dlomo alinigeukia. Akautoa. Akauinua. Mkono wa koti ukashuka kidogo, wa shati nao.

Manyoya. Meupe yenye doa la kahawia.

Niko mstari wa mbele, nadhani nimeona peke yangu. Naye aliniona ninavyoona. "Amina" ya leo ilikuja mapema kuliko kawaida.

Alhamisi, 15 Februari

Thiroshni anasema tumempata. "Kesho sema neno moja tu: Mwalimu, pandisha mkono wa koti. Halafu kaa chini, ule popkoni." Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Linatoka vizuri.

Nikampigia Bibi. Alicheka mpaka akakohoa. "Mwanamume anayewaficha wazee wake ndani ya shati ana tabu kuliko yako, Zibu. Usimvue mtu nguo mbele za watu."

"Hata yeye akinivua mimi?"

Akaniuliza kama nimekula.

Mchana Mwalimu Ngidi alikuwa amekuja dawatini kwangu, Soksi nyuma yake. Nilidhani atanitisha. Akasema polepole, kama mjomba, "Mwanangu, vaa sweta tu. Lenye mikono mirefu. Hakuna atakayeuliza."

"Ni Februari, Mwalimu."

"Najua ni Februari," akasema. Jasho lilikuwa linamchuruzika shingoni.

Ijumaa, 16 Februari

Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha kikao. Tumeambiwa tutoke wajadiliane. Mlango wameuacha wazi kwa sababu ya joto. Na harufu.

Mama alivaa suti ya kanisani. Niliogopa atawaunga mkono. Mwenyekiti, Bi. Govender, akamwuliza msimamo wake. Mama akasimama. "Hiyo ngozi siipendi. Kila siku naomba ianguke. Lakini ugomvi huo ni wangu na mama mkwe wangu. Hatujaita mtu mwenye mkasi." Akakaa. Nikaushika mkono wake kwa mkono wangu wenye mbuzi. Hakuuondoa.

Kisha mimi. Una la kusema? Neno lilikuwa mdomoni, tamu kama peremende. Nikamtazama Mwalimu Ngidi. Alikuwa anatazama meza, koti mpaka kwenye vidole, amekaa kama mtoto anayesubiri fimbo.

Nikasema, "Naomba niivae bila kuificha. Basi." Thiroshni ataniua.

Sasa wanazungumza. Bi. Govender anauliza tofauti ya hii na uzi au majivu ni ipi. Mmoja anasema harufu. Tena harufu.

Mtu anajipepea kwa faili.

Sasa yule mzee wa pembeni, mzazi mwenye miwani, anauliza, "Samahani, mtoto si ametoka? Mbona bado inanuka humu?"

Mama amenifinya. Kutoka hapa namwona Mwalimu Ngidi kwa ubavu. Mkono mmoja uko mezani. Vidole vya mkono mwingine vimeshika kifungo cha shati, na siwezi kuona kama anakifunga au anakifungua.