Jino Lako na Harufu ya Karafuu

Mpendwa dada,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini nisipokuamkia kwanza mkono unagoma kuandika.

Jana mgonjwa kutoka kijiji cha Kisiwani alikaa kwenye kiti changu, akafungua mdomo, harufu ya karafuu ikanipiga usoni. Nikakuona. Sisemi nilikukumbuka, nilikuona, na kitambaa chako cha kijani na miguu yako yenye vumbi la safari. Nikatoka nje nikajifanya natafuta pamba.

Unakumbuka miaka ile: biashara zilikuwa zimefunguliwa, watu wa Same wameanza kusahau foleni za sabuni. Nilikuwa nimeacha kazi ya serikali, ambako kwa miaka dawa yetu ya kila jino ilikuwa koleo, nikapanga chumba karibu na stendi. Rafiki yangu akaniletea kitu kipya kutoka Dar: vijiti vya nyuzi za kioo, vyembamba kama njiti ya kiberiti, pamoja na gundi yake. Unasafisha mzizi wa jino lililovunjika, unagundisha kijiti ndani, juu yake unajenga jino jipya. Nilitaka wa kwanza awe wewe. Miaka yote ya ukata ulibeba ndizi kichwani hadi soko la Hedaru ili mimi nisome, na jino lako la mbele lilivunjika siku ulipoteleza na mzigo huo huo ukishuka mlima.

Nilisafisha mzizi, nikakwambia urudi baada ya wiki. Uliporudi ulinukia karafuu.

"Liliuma, nikawa natia mafuta ya karafuu kila siku," ulisema. "Nimekosea, daktari?"

Ulipenda kunitania kwa jina hilo. Nikacheka, nikasema hujakosea, nikagundisha. Ulipojitazama kwenye kioo ulicheka mpaka machozi yakakutoka, na Jumapili ile uliimba kwenye kwaya mdomo wazi, wakati zamani uliimba umeinamisha uso.

Halikumaliza mwezi. Ulikuja umefunika mdomo kwa ncha ya kanga, jino umelifunga kwenye karatasi ya daftari. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilinunua hindi la kuchoma pale Hedaru. Ni ulafi wangu tu." Nami nilikugombeza, dada. Nilisema kazi nzuri haitaki ushamba. Wewe uliyenilea.

Ulipotoka nilikitazama kile kijiti kilichong'oka pamoja na jino. Gundi ilikuwa imetoka nacho yote. Kwenye mzizi haikushika hata chembe. Ndipo nikafungua karatasi ya maelekezo, ambayo nilikuwa nimesoma sehemu ya kuchanganya tu. Iliandikwa wazi kwamba palipopita mafuta ya karafuu gundi ile haishiki. Basi lako lilikuwa bado stendi, nalisikia likipiga honi. Sikwenda.

Mara moja tu nilikwambia turudie. "Usipoteze kijiti kingine kwangu," ulisema, "wape wenye adabu ya mdomo." Sikusisitiza, maana ningesisitiza ningelazimika kueleza kwa nini. Kwaya ukaacha. Hindi la kuchoma, ulilolipenda kuliko nyama, hukulionja tena. Siku ya msiba wako mwanao mkubwa alisimama akasimulia ulivyokuwa ukiwaambia, "Mahindi yaliharibu kazi nzuri ya mjomba wenu." Watu wakanitazama kwa heshima. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni majonzi.

Siku hizi kila mgonjwa namuuliza kama ametia karafuu, na wananisifu kwa umakini. Jino lako liko kwenye droo, ndani ya karatasi ile ile ya daftari. Miaka yote hii, na naapa bado linanukia. Naogopa kulifungua na naogopa kulitupa.

Kesho kutwa napanda nyumbani. Nitawaita wanao, nitaliweka jino mezani, nitawaambia yote. Watanionaje, sijui. Lakini nilitaka wewe usikie kwanza: hindi lile halikuwa na kosa, dada. Ungekula tu.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemwita daktari