Barua Iliyokuwa Kwenye Mfuko wa Feli

Jumatatu. Mvua imekatika tangu asubuhi, matope bado. Moyo wangu mzito.

Nilifunga cherehani yangu Kolwezi kwa sababu ya Feli, rafiki yangu tangu shule ya msingi, karani wa ofisi ya serikali ya sekta huku upande wa Kasaji. Aliniita nije kusaidia. Watu waliokimbia vita vya kaskazini walikuwa wamejenga hapa, kisha mto ukafurika na kuzibomoa nyumba zao. Walikuwa wanalala kwenye kanisa linalovuja.

Nikaja. Tumekanyaga udongo, tumechoma matofali, tumepandisha kuta. Juzi tulitia mlango kwa Mama Kabedi, mjane aliyetembea kwa miguu na watoto wanne kutoka kwenye vita. Alifagia sakafu ambayo haijakauka, kwa furaha tu ya kuwa na sakafu.

Jana Feli alinituma nichukue misumari kwenye mfuko wake. Nikakuta barua ya Kifaransa. Kijiji chote kitahamishwa, kwa sababu kampuni moja inataka shaba iliyo chini yake. Feli ameweka sahihi kuwa ameipokea, kabla hajaniita mimi.

Nilipomwonyesha, hakukana.

“Kama ningesema, nani angekuya kusaidia?” alisema. “Batu balikuwa banalala mu mvua.”

“Na miye, Feli? Juu ya nini ukanificha miye?”

“Weye hauwezi kuficha kitu. Ungebaambia.”

Ni kweli, ningewaambia. Hapo ndipo panaponiuma. Alinijua vizuri, akautumia ujuzi huo kunifunga macho.

Nilikaa na hasira hadi asubuhi, kisha nikaenda kwa Mama Kabedi. Alikuwa anapaka udongo ukutani. Nilipomaliza kumweleza, aliweka ndoo chini. Hakuuliza watapelekwa wapi. Hakuuliza lini.

“Na weye, mama, ulijua?” aliniuliza.

“Hapana, mama. Nimejua jana.”

Aliinama, akaendelea kupaka ukuta.

Sijui kama aliniamini. Nilifika hapa na Feli, nimekula na Feli, nimecheka na Feli mbele ya watu hawa. Ningekuwa yeye, nisingemwamini mtu kama mimi.

Feli amepanda pikipiki kwenda ofisini, anasema ataomba watu waachwe hadi mvua ziishe. Zamani ningepiga magoti kumwombea. Leo nilimwangalia tu akipotea barabarani, na sikumpungia mkono.

Naweza kurudi Kolwezi. Hakuna atakayenilaumu. Lakini barua ninayo mimi, sikumrudishia, na wengi hapa hawasomi Kifaransa.

Kesho watu watakusanyika kwa kazi kama kawaida. Nitawasomea yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, hadi chini kabisa kwenye jina la rafiki yangu.

Nikifika hapo, nitaweza kulitamka?