Biskuti za Tessa

Duluth, Januari 20

Mpendwa dada Sigrid,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi hii isiyo na adabu. Natumai wewe na shemeji Owen hamjambo huko Tucson, na kile kikohozi kimekuachia. Hapa Baba ameanza tena kuvua kwenye barafu, anarudi mikono mitupu na maneno mengi. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Unajua niliomba chuo kwa duru ya mapema, ile unayochagua chuo kimoja na kuahidi kwamba wakikuchukua utakwenda huko huko. Basi Desemba hawakunichukua wala hawakunikataa. Wameniahirisha, watanitazama tena Machi pamoja na umati wote. Mama alinikumbatia, akasema nisivunjike moyo. Bwana Pruitt, mshauri wetu wa shule, hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: alisema chuo kile kikichukua mmoja kwenye shule ndogo kama yetu ni bahati, na huyo mmoja ameshapatikana. Nikauliza nani. Akashtuka, eti alidhani najua.

Ni Tessa, dada! Tessa Wojcik, rafiki yangu wa kufa na kupona, aliyelala kwetu kila Ijumaa! Tulikubaliana tangu kiangazi tusigombanie mlango mmoja; yeye akasema anaomba chuo cha Wisconsin. Nilipomfuata akanijibu bila haya kwamba chuo si cha baba yangu, na kwamba angeniambia ningemnunia. Ningemnunia, ndiyo! Nilimwita mnafiki mbele ya watu.

Jumamosi iliyofuata akaja nyumbani na kopo la biskuti. Nikadhani amekuja kuomba radhi, nikanyoosha mkono pale mlangoni. Akanipita, akampa Mama, kama mwalimu wake. Si unajua desturi ya shule yetu, ukichukuliwa unampelekea shukrani mwalimu aliyekuandikia barua ya kukupendekeza. Akamwambia Mama asante sana, Bi Halvorsen, bila wewe nisingepata.

Tessa alipoondoka nikamuuliza Mama alijua tangu lini. Akasema tangu Septemba, ila mambo ya mwanafunzi ni siri, na mimi asingeweza kuniandikia kwa sababu ni mwanawe. Hilo nalielewa, sheria ni sheria. Nikamuuliza aliandika nini. Akasema aliandika ukweli, kwamba miaka yote hajapata kufundisha mwanafunzi bora kama Tessa. Dada, mimi nami nakaa darasa hilo hilo, dawati la pili! Na miezi yote hiyo alikuwa ananisomea insha yangu ya kuombea chuo na kuniambia nina nafasi nzuri.

Sasa kila jioni ananiuliza kama chuo kimeandika. Namjibu bado. Lakini wewe nakuambia: mwezi huu niliwaandikia waliondoe jina langu. Nimeomba chuo cha huko kwenu, na wakinikubali nitaomba kitanda kwako wiki za mwanzo. Baba hajui, na kwake roho inaniuma. Kwa Mama hainiumi. Akikupigia simu, tafadhali usimwambie. Nataka naye asikie mdomoni mwa mtu mwingine, akiwa amesimama mlangoni kwake.

Nisalimie shemeji, na ujifunike vizuri usiku hata kama huko ni joto.

Mdogo wako akupendaye,
Greta